Zawadi ya dukani ikipungua, bei imepanda

SIKU za soko Ngaramtoni, mfugaji aliyeteremka kutoka miteremko ya Mlima Meru kuuza maharage au viazi hupitia duka la dawa za mifugo kabla ya kurudi nyumbani. Akiwa mteja wa kudumu, hutegemea nyongeza kidogo juu ya alichonunua. Nyongeza hiyo inapopungua, hulalamika kwamba amesahauliwa.

Malalamiko hayo yana msingi wa kihesabu. Tuchukue mfano wa chupa ya dawa ya minyoo inayouzwa Sh5,000, kwa ofa ya kununua 10 na kupewa ya 11 bure. Kila chupa humgharimu mteja Sh4,545. Ofa ikigeuzwa kuwa moja ya bure baada ya 20, kila chupa inafikia Sh4,762. Bei ya kwenye rafu haikuguswa, lakini mteja amepandishiwa karibu asilimia 5. Mwenye ng'ombe wachache asiyefikisha chupa 20 anaumia zaidi, kwani sasa analipa Sh5,000 kamili, sawa na ongezeko la asilimia 10.

Mwenye duka naye ana hesabu zake. Hulipa kodi ya pango, nauli ya kufuata mzigo Arusha mjini, na fedha zake nyingine zimelala kwenye daftari la madeni. Mkulima anayekopeshwa dawa hadi avune tayari amepewa zawadi. Anayelipa taslimu ndiye mwenye haki ya kudai punguzo.

Aidha, ahadi ya zawadi si zawadi. Nakumatt ya Kenya, iliyofungua duka Moshi mwaka 2011 na kuchukua maduka ya Shoprite nchini, likiwamo la Arusha, mwaka 2014, iliwapa wateja wake pointi kwa kadi. Madeni yaliielemea, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Pointi ambayo haijatumika ni mkopo usio na dhamana ambao mteja amelikopesha duka.

Kwa hiyo, mnunuzi aulize bei ya taslimu ya chupa moja na kuilinganisha na ya duka la jirani. Penye pointi, azitumie mapema. Wafugaji majirani wanaweza kuchanga na kununua pamoja ili wafikie kiwango cha ofa, kisha wagawane chupa ya bure au thamani yake.

Hata hivyo, dawa si sukari. Kabla ya kufurahia chupa ya bure, soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Na anayenunua dawa asiyoihitaji ili apate zawadi, zawadi hiyo ameilipia mwenyewe.