Joto Kwanza, Maziwa Baadaye: Kuwalea Watoto Wengi wa Paka



Ndugu wanafunzi, wale wa madarasa ya juu bila shaka mnamkumbuka yule paka wa mabaka meusi aliyekuwa akilala juu ya magunia ya mahindi katika stoo yetu hapa Handeni. Mwezi wa Julai 2024 alizaa watoto 8. Tangu wakati huo wanafunzi kadhaa wamenijia na boksi mkononi, ndani mna vipaka vinalia, na swali lao huwa ni lile lile: "Ustadh, tuwape maziwa gani?" Nimeona niwajibu wote kwa pamoja katika gazeti letu hili, na nianze kwa kusema kuwa swali hilo ni zuri lakini limekuja mapema. Kabla yake kuna jingine: je, wana joto?

Nalijua hilo kwa sababu nililipia. Siku ya tatu tangu wale 8 wazaliwe ilikuwa Alhamisi. Baada ya Alasiri nilifunga stoo kwa kufuli kama ilivyo desturi, tukaenda zetu kwa mapumziko ya Ijumaa. Sikutazama ndani. Kumbe mama yao alikuwa ametoka kujitafutia riziki. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilipopita pale nilimkuta mlangoni anakwaruza, na ubao wa chini wa mlango umejaa alama za kucha. Nilipofungua, watoto 2 walikuwa wamekwisha kufa. Wale 6 waliobaki walikuwa baridi kama kokoto za mtoni, hawalii.

Mnaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim. Nimeifundisha mwenyewe mara nyingi. Mwanamke yule hakumlisha paka wake, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Mimi nilimfungia mama nje na watoto ndani. Sikukusudia, na namwomba Mwenyezi Mungu maghfira, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Msiba haukuishia hapo. Mwanafunzi mmoja, kwa huruma yake, alikimbia nyumbani akarudi na maziwa ya ng'ombe yaliyopashwa moto. Akamshika kipaka aliyekuwa dhaifu kuliko wote, akamlaza chali kama alazwavyo mtoto mchanga wa binadamu, akamdondoshea maziwa kwa kijiko. Maziwa yakatoka puani. Kabla ya Magharibi kipaka yule naye alikuwa amekufa. Kijana alilia sana. Sikumlaumu, maana mimi mwalimu wake nilikuwa nimesimama pale pale na sikujua zaidi yake. Ndipo nilipompigia simu bwana mifugo, naye neno lake la kwanza lilikuwa: "Ustadh, ondoeni maziwa hayo. Wapasheni joto kwanza."

Sababu yake ni hii. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 100 hivi, wengine pungufu kidogo. Macho yamefumba, masikio hayasikii, na katika wiki ya kwanza mwili wake haujui hata kutetemeka kwa baridi, ilhali kutetemeka ndiko kunakotupatia sisi joto. Basi joto lake lote hulipata kwa mama na kwa ndugu zake wanaolaliana. Joto la mwili wake wiki hiyo ni nyuzi 35 hadi 36 hivi. Likishuka chini ya hapo, mambo mawili hutokea. Kwanza hupoteza nguvu ya kunyonya na kumeza, kwa hiyo maziwa unayomtia mdomoni huenda mapafuni. Pili, tumbo na matumbo husimama kufanya kazi, kwa hiyo hata yale yaliyofika tumboni hayasagwi, bali huchachuka humo humo. Ndiyo maana kipaka baridi akilishwa hufa akiwa na tumbo limejaa. Anayetazama hudhani kafa kwa njaa, akaongeza maziwa kwa yule wa pili.

Mazingira ya kipaka wa wiki ya kwanza yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 30 hivi. Sasa pimeni wenyewe. Usiku wa Julai hapa Handeni hushuka chini ya nyuzi 20, na sakafu ya saruji huwa baridi zaidi ya hewa. Ndugu zetu wa Korogwe, kule bondeni kando ya mto Pangani, wana joto kutuzidi, na mchana wa Februari chini ya bati shida yao inaweza kuwa kinyume, yaani vipaka kuungua kwa joto. Kwa hiyo msishike namba peke yake, tazameni watoto wenyewe. Wakiwa wamerundikana na wanalia, wana baridi. Wakiwa wametawanyika kila mmoja pembe yake, wanahema mdomo wazi, joto limezidi. Wakilala karibu karibu, kimya, wanarukaruka kidogo usingizini, basi wako sawa.

Tulichokifanya sisi ni hiki. Wanafunzi 5 walikaa kitako, kila mmoja akaweka kipaka mmoja ndani ya kanzu yake, ngozi kwa ngozi, wakasoma juzuu zao hivyo hivyo. Ilichukua zaidi ya saa moja hata wa kwanza akaanza kupekuapekua akitafuta chuchu. Kupasha kunatakiwa kuwe kwa polepole. Msimtumbukize kipaka katika maji ya moto wala kumweka kando ya moto, kwani mwili uliopoa ukipashwa ghafla moyo wake hushindwa.

Wakati huo tulitayarisha boksi la sabuni lenye kuta ndefu, tukalitandika gunia chini, juu yake kanga kuukuu. Upande mmoja tukaweka chupa 2 za plastiki za maji ya moto, zimefungwa barabara na kuvingirishwa kitambaa, kiasi kwamba ukizigusa kwa ndani ya mkono wako usikie uvuguvugu tu. Upande wa pili tukauacha bila chupa, ili aliyeona joto limezidi aweze kutambaa akaondoka. Chupa hubadilishwa kila zinapopoa, kwani chupa iliyopoa huwanyonya watoto joto walilo nalo. Wenye umeme wanaweza kutumia taa ya balbu ya zamani, ile inayotoa moto, ining'inizwe mbali upande mmoja. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, nayo humuua paka na mwanafunzi anayemlinda pia.

Walipopata joto tuliwarudisha kwa mama yao, naye akawapokea na kuwalamba papo hapo. Hapo ndipo tulipoanza kufikiria maziwa.

Paka kwa kawaida ana chuchu 8, lakini zote hazitoi maziwa sawa. Watoto wakiwa 4 kila mmoja hupata nafasi. Wakiwa 7 au 8, wenye nguvu hushika chuchu nzuri na wanyonge husukumwa pembeni, na kila wanaposukumwa huzidi kuwa wanyonge. Dawa yake ni kuwagawa makundi mawili. Kundi moja hukaa na mama, la pili hukaa ndani ya boksi lenye chupa za joto, na baada ya saa mbili hivi hubadilishana. Walio wadogo wapewe zamu ya kwanza. Lakini siku ya kwanza ya kuzaliwa msimtenge hata mmoja, maana maziwa yale ya mwanzo, dang'a, ndiyo yenye kinga ya maradhi, na utumbo wa kipaka huipokea kinga hiyo kwa siku moja tu hivi, kisha mlango unafungwa.

Njia bora zaidi kuliko zote ni kumpata paka mwingine anayenyonyesha. Kwa bahati bibi mmoja jirani ya madrasa paka wake alikuwa amezaa watoto 3 wiki ile ile. Alichukua wawili wetu waliokuwa wadogo, akawafuta kwa kitambaa walicholalia wanawe paka wake, kisha akawachanganya nao usiku. Asubuhi alikuta paka wake ananyonyesha 5, kana kwamba hajui kuhesabu.

Pasipokuwa na mama wala jirani, basi mtoto atalishwa kwa mkono. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi. Maziwa ya paka yana protini karibu mara mbili ya hayo, na mafuta zaidi, na ile sukari ya maziwa ya ng'ombe huwaharisha vipaka wengi. Maziwa ya mbuzi hayapishani sana na ya ng'ombe. Katika maduka ya dawa za mifugo ya miji mikubwa huuzwa unga wa maziwa uliotengenezwa kwa ajili ya vipaka, na huo ndio wa kutafuta. Kwa dharura ya siku moja mbili, wakati mnautafuta, maziwa halisi yaliyochemshwa yakapoa, yakachanganywa vizuri na kiini cha yai, ni afadhali kuliko maziwa matupu. Nasisitiza, ni dharura. Asali asipewe.

Tumieni sirinji ndogo isiyo na sindano. Mtoto alale kwa tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyokaa kwa mama yake. Maziwa yawe na uvuguvugu wa mwili, yatoke tone kwa tone, naye ayavute mwenyewe. Wiki ya kwanza ni mililita 4 hivi kwa mlo mmoja, kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana. Ndiyo, hata usiku. Anayesema atamlea kipaka wa siku tatu na huku analala tangu Isha mpaka Alfajiri, na asimchukue.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kipaka wa wiki za mwanzo hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba ndipo atoe mkojo na choo. Asiye na mama, kila baada ya mlo mpanguseni sehemu zile taratibu kwa pamba au kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu. Msipofanya hivyo atavimba na kufa ingawa mmemlisha vizuri.

Na hapa huja swali la twahara, kwani mkishika paka mtaulizana. Mabaki ya paka na mate yake si najisi. Abu Qatada aliliinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu anywe, na alipoona mke wa mwanawe anashangaa akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba paka si najisi na ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Lakini mkojo na choo chake ni najisi, basi nguo iliyopata isafishwe kabla ya sala. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, kwa ajili ya sala na kwa ajili ya afya. Dada aliye mjamzito asishughulike na choo cha paka kabisa, kuna maradhi humo yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mjuaje kama mtoto anashiba? Kwa mizani. Kipaka mwenye afya huongezeka gramu 10 hivi au zaidi kila siku. Sisi tulimwomba muuza dagaa mizani yake ya elektroniki, tukawa tunapima kila asubuhi baada ya darasa na kuandika ubaoni kwa rangi ya kila mmoja. Siku ya pili tuligundua kuwa yule mwekundu, tuliyemsifu kwa upole, hakuwa mpole bali alikuwa hapati kitu. Siku nzima bila kuongezeka ni onyo, na kupungua ni hatari.

Mama naye msimsahau, kwani maziwa hutokana na chakula. Anyonyeshapo wengi huhitaji mara mbili mpaka tatu ya chakula chake cha kawaida. Ugali mtupu haumtoshi paka, yeye ni mla nyama. Dagaa waliooshwa chumvi na kupikwa, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliochemshwa, na maji safi wakati wote. Mchuzi wenye vitunguu asipewe, humharibu damu. Akiugua asipewe paracetamol, kidonge kimoja tu chaweza kumuua paka mkubwa. Viroboto watolewe kwa chanuo na matandiko yafuliwe, lakini vipaka wasipuliziwe dawa ya mbu. Na sumu ya panya isiwekwe katika stoo yenye paka. Kwa nini kuajiri wawili kwa kazi moja, na mmoja anamuua mwenzake?

Macho ya watoto wetu yalifunguka siku ya tisa na ya kumi. Wiki ya nne walianza kulamba dagaa waliopondwa na kulainishwa kwa maji, na wiki ya nane tuliwagawa. Wale 2 wa kwa bibi walibaki kwa bibi. Mmoja yuko Korogwe katika duka la nafaka la ndugu yangu, mwingine alichukuliwa na yule kijana aliyemlilia mwenzake. Wa mwisho, yule mwekundu, yuko stoo hapa hapa. Sehemu ya chini ya mlango wa stoo tumekata tundu la upana wa shubiri moja, na ufunguo siku hizi haushikwi na mtu mmoja.