Je, Wajua? Kiu ya Sigara Inakaa Ubongoni

Je, wajua kuwa ukivuta sigara, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20? Kidonge cha kichwa hukusubirisha nusu saa. Kasi hiyo ndiyo inayoufunza ubongo: pafu moja, raha hapohapo.

Je, wajua kuwa nikotini huingia kama mgeni mwenye ufunguo wa mwenye nyumba? Ubongo una kemikali yake, asetilikolini, yenye vipokezi vyake maalumu. Nikotini inafanana nayo kiasi cha kuvikalia vipokezi hivyo, na hapo dopamini humwagika na kuuambia ubongo: hili lirudie. Kadiri mtu anavyovuta, ndivyo vipokezi vinavyoongezeka idadi.

Nusu ya nikotini huwa imeshatoka mwilini baada ya saa 2 hivi. Ndiyo maana usiku mzima ni mfungo kwa mvutaji, naye huamka na arosto, mkono ukipapasa kiberiti kabla ya mswaki. Dodoso la kupima uraibu huu, la mwanasaikolojia wa Sweden, Karl Fagerström, lina swali moja zito kuliko mengine: ukishaamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya dakika ngapi? Anayewasha ndani ya dakika 5 ana uraibu mkubwa.

Sasa sikia hili. Mwaka 2007 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Nasir Naqvi, Antoine Bechara na wenzao kuhusu wavutaji 69 waliokuwa wameumia ubongo. Kati yao, 19 waliumia insula, sehemu iliyojificha ndani ya mikunjo ya ubongo, ambayo kazi yake mojawapo ni kusoma hali ya mwili: njaa, kiu, moyo kwenda mbio. Kumi na wawili kati ya hao 19 waliacha sigara mara moja, bila taabu, bila kurudia na bila hata hamu. Mmoja alikuwa akimaliza zaidi ya sigara 40 kwa siku. Alipopata kiharusi akaacha, na alipoulizwa sababu alieleza kwamba mwili wake uliisahau hamu ya kuvuta. Si kwamba alikuwa na moyo mgumu kuliko jirani yake anayeitwa “hana msimamo”. Sehemu inayotia ile kiu ndiyo iliyozimika.

Hakuna wa kuombea kiharusi, bila shaka. Ila mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kinachovaliwa kichwani kama kofia, kinachopeleka mapigo ya sumaku hadi maeneo ya ndani, insula ikiwemo, kusaidia wanaotaka kuacha.

Chanjo je? Ilijaribiwa. Lengo lilikuwa mwili utengeneze askari wa kuikamata nikotini kwenye damu kabla haijafika ubongoni. Katika majaribio makubwa ya mwisho, mwaka 2011, ikashindwa.

Dawa za kumeza zipo. Sitisini, dawa ya kuacha sigara inayotokana na mmea, imeuzwa Bulgaria tangu 1964. Vareniklini, iliyobuniwa kwa kuifuata, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Zote mbili hukalia vipokezi vilevile vya nikotini, zikakiamsha kila kimoja nusunusu: kiu inapoa, na sigara ikiwashwa haina utamu wake. Bupropioni, dawa nyingine ya kuacha sigara, yenyewe ilianza kama dawa ya sonona.

Na bigijii ya nikotini wengi huitafuna vibaya. Haitafunwi mfululizo kama ya dukani. Itafune taratibu hadi ikuwashe mdomoni, kisha ifiche kati ya fizi na shavu, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiimeza na mate utaambulia kwikwi na kiungulia. Usiitumie huku unakunywa kahawa au soda. Asidi huizuia isipenye.

Tukiwa kwenye kahawa: moshi wa sigara hulifanya ini liisafishe kafeini upesi. Ukiacha kuvuta, vikombe vilevile vya kijiweni vinakuwa vikali kuliko jana. Mikono inatetemeka, usingizi hauji, nawe unadhani ni arosto. Punguza kahawa kwa nusu.

Aliyehamia ugoro au shisha hajaacha kitu. Amebadili njia tu.

Wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, wanaofaulu ni kama 4 tu katika kila 100. Dawa na ushauri huongeza idadi hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuacha aanzie kwa mfamasia au kituo cha afya, hata kama ameshashindwa mara kadhaa. Nanyi mnaoishi naye, arosto huwa kali zaidi siku za mwanzo, hasa ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Akinuna siku hizo, mvumilieni, na msimtume dukani kununua sigara za mgeni.