Mirathi ya Mchimbaji: Uliza Sheria Kabla ya Kutia Saini

Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu au Mgusu, mkoani Geita, akifariki dunia, mali yake nyingi haiko benki. Ni hisa kwenye duara, yaani shimo alilochimba na wenzake kwa makubaliano ya mdomo, viroba vya mawe vinavyosubiri karasha, pikipiki, kiwanja kisichopimwa, pengine na ng'ombe waliobaki kwao Shinyanga. Matanga yakiisha ukoo hukaa kikao, muhtasari huandikwa, na mtu mmoja, mara nyingi kaka wa marehemu, hupendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mjane huletewa karatasi atie saini.

Hapo ndipo pa kuuliza: mirathi hii inafunguliwa kwa sheria gani? Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi za kimila na za Kiislamu. Mirathi ya Mkristo aliyeishi nje ya mila huenda mahakama za juu, chini ya Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, inayompa mjane mwenye watoto theluthi moja. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, linaloratibu mila, linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Kinachotazamwa katika kuamua sheria ipi itumike ni maisha aliyoishi marehemu, na ushahidi wa maisha hayo mjane anao kuliko shemeji yeyote.

Wajane wawili wa Shinyanga waliyaonja haya. Walifukuzwa majumbani mwao pamoja na watoto, kwa mila ya Kisukuma. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Machi 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki, na kuitaka Tanzania ibadili sheria hizo na kuwalipa fidia. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua bila nyumba ya baba yao. Hilo linaniuma.

Neno linaloumiza wengi ni msimamizi. Wengi hudhani aliyeteuliwa ndiye mrithi. Siyo. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kurudi mahakamani. Katika Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu za mirathi kwa Fomu Na. 6 kwa muda utakaopangwa na mahakama. Asiyerudi, warithi wanaweza kuomba aondolewe. Na kabla hajateuliwa, asiyekubali ana haki ya kuweka pingamizi.

Wakili? Geita na Kahama wapo, na vishoka wapo pia. Jina lake litafutwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama anaruhusiwa kufanya kazi. Malipo yaandikwe, risiti itolewe. Asiye na uwezo aende kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure.

Kwa mchimbaji aliye hai, wosia wa maandishi wa kimila unataka mashahidi wawili kama anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui, nusu wa ukoo na nusu wa nje. Hisa za duara ziandikwe humo kwa majina ya wenzake wote, kwa sababu shimo halina hati na wenye kumbukumbu huhamia rashi nyingine, yaani machimbo mapya.