Ukungu Kwenye Kiyoyozi cha Nyumba ya Kupanga: Nani Alipe?

Kati ya Februari na Aprili, Guangzhou huingia msimu wa unyevu uitwao huinantian. Kuta hutoka jasho, nguo hazikauki, na kiyoyozi kikiwashwa kinanuka uvundo. Mtoto anaanza kukohoa. Mwenye nyumba anajibu, "Safisha mwenyewe." Je, ana haki?

Sheria ya Kiraia ya China, inayotumika tangu Januari 1, 2021, inampa mwenye nyumba jukumu la matengenezo, isipokuwa mkataba useme vingine (kifungu cha 712). Ukimwarifu naye asishughulike kwa muda unaofaa, unaweza kutengeneza mwenyewe kwa gharama yake. Lakini kasoro ikitokana na kosa lako, utalipa wewe. Kwa hiyo osha chujio mara kwa mara (713). Nyumba ikihatarisha afya yenu, unaweza kuvunja mkataba wakati wowote, hata kama ulijua hali hiyo uliposaini (731).

Kabla ya kusaini, uliza mkataba unasemaje kuhusu kiyoyozi. Kipige picha siku ya kukabidhiwa funguo. Malalamiko yaandike kwa WeChat, na risiti ya fundi uitunze. Akigoma, piga 12345, simu ya serikali ya jiji.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.