Pantoni na Daraja: Upwaya wa Istilahi 'Kiendeshi'

Istilahi 'kiendeshi', iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi 'endesha', huashiria kwamba kifaa cha kompyuta huendeshwa na msimbo ulio ndani ya kiini cha mfumo. Kwa kawaida ndivyo ilivyo: programu huomba, kiini hukifikia kifaa kwa niaba yake. Ni kama Mto Kilombero kabla ya daraja kufunguliwa, ambapo gari liendalo Mahenge kutoka Ifakara halikuvuka ila kwa pantoni.

VFIO, iliyoingizwa katika Linux 3.6 mwaka 2012, huijengea programu daraja. Programu hukabidhiwa rejista za kifaa, ikakiendesha yenyewe bila kukiomba kiini katika kila tendo. Hata hivyo, daraja hilo lina kingo: kitengo cha IOMMU hukizuia kifaa kisiguse kumbukumbu kisiyoruhusiwa. Bila kingo hizo, kosa la programu moja laweza kuuangusha mfumo mzima.

Hapo ndipo istilahi inapopwaya. Sehemu ya VFIO iliyomo katika kiini ingali ikiitwa kiendeshi, ilhali kazi yake ni kukabidhi na kulinda. Mwendeshaji ni programu. Vivyo hivyo, fasili ya 'ufikiaji wa moja kwa moja' isiyotaja ulinzi humwonyesha mwanafunzi daraja lisilo na kingo.