Mchanga unajua ukame ulikuja lini, ramli haijui

Wasomaji wa Kahama, Kakola na Nyang'hwale wameniletea maswali yanayofanana. Wachimbaji wadogo wanauliza kuhusu udongo mweusi wanaoukuta kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, ukiwa umefunikwa na mchanga: je, hapa palikuwa ziwa, na ni miaka mingapi iliyopita? Wengine, kila mvua zikichelewa, wanauliza nani amezifunga. Maswali haya yote yana jibu, na jibu lenyewe limo ardhini.

Kwanza tuondoe uvumi. Rangi ya udongo haitaji umri, wala kina cha shimo hakiutaji. Si kweli pia kwamba kila kitu cha kale hupimwa kwa kaboni. Kaboni hupima kilichowahi kuishi, kama mkaa, mfupa au mzizi, na kikishapita miaka 50,000 hivi hakuna tena cha kupima. Mchanga haukuwahi kuishi. Huo hupimwa kwa mwanga.

Chukua chembe moja ya kwatzi, yaani lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji hulifuata wakitafuta dhahabu, likiwa limesagika kuwa mchanga. Chembe hiyo ikifukiwa, udongo unaoizunguka unaendelea kuipiga kwa mionzi kidogo kidogo, inayotoka kwenye urani, thori na potasi, na mingine inashuka kutoka angani. Mionzi hiyo huzing'oa elektroni ndani ya chembe, na baadhi ya elektroni hizo hunasa kwenye kasoro za umbo la chembe. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo zinavyozidi kurundikana. Siku chembe ikitoka juani, dakika chache zinatosha kuzifungua zote, na ikifukiwa tena hesabu inaanza upya. Ndiyo maana wataalamu wanaupenda mchanga uliopeperushwa na upepo: kila chembe imerukaruka juani kabla ya kutulia. Mchanga wa mafuriko ya tope unaweza kufukiwa ukiwa bado na mzigo wake wa zamani, na hapo umri unatoka mkubwa kuliko ukweli.

Kwa hiyo sampuli haipaswi kuona jua. Bomba la chuma linagongomewa kwenye ukuta wa shimo, linazibwa pande zote mbili na kufungwa plastiki nyeusi. Maabarani huwashwa taa nyekundu hafifu tu. Chembe zinamulikwa kwa mwanga wa buluu, elektroni zinafunguka, na kwatzi inatoa mng'ao ambao mashine inauhesabu. Kisha chembe zilezile zinapewa kipimo cha mionzi kinachojulikana ili mng'ao wa mara ya pili ulinganishwe na wa kwanza. Ni kama ndoo chini ya bomba linalodondosha: ukijua maji yaliyomo na kasi ya matone, unajua bomba limedondosha kwa muda gani. Chembe iliyopokea mionzi ya gray 100 (gray ni kizio cha kupimia mionzi), kwenye udongo unaotoa gray 2 kila miaka 1,000, imekaa gizani miaka 50,000.

Mtafiti David Huntley na wenzake walipendekeza njia hii nchini Kanada mwaka 1985. Leo imetupa majibu hapa hapa kwenye ziwa letu, Victoria. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, upande wa Kenya, kuna udongo wa kale uliofunikwa pamoja na tabaka la majivu ya volkano. Mchanga uliopimwa hapo ulionyesha kwamba majivu hayo yana miaka kama 49,000. Kwenye udongo huo imepatikana mifupa ya choroa na punda milia wa Grevy, wanyama wa nchi kame.

Mwaka 1995 watafiti walizamisha mabomba sakafuni mwa Ziwa Victoria. Chini ya tope walikuta udongo mgumu wenye vimizizi vilivyosimama wima na chavua nyingi za nyasi. Kaboni ilionyesha kwamba miaka kati ya 17,000 na 15,000 iliyopita ziwa lilikauka. Ziwa hili, ambalo tangu 2009 linatuletea maji Kahama kutoka Ihelele, liliwahi kuwa mbuga. Si ajabu: kina chake hakizidi mita 85 hivi, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu yake na kurudi hewani kama mvuke. Mvua zikipungua kwa muda mrefu, linakwisha.

Nani alizifunga mvua wakati ule? Hakuna. Bahari na upepo vilibadilika. Lakini bado wapiga ramli chonganishi wanamwonyesha kidole bibi mwenye macho mekundu kuwa ni mchawi, ilhali macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe. Mwaka 2005 mtafiti Edward Miguel alichapisha utafiti wake wa wilaya ya Meatu, wakati huo ikiwa katika mkoa wa Shinyanga: katika miaka ya ukame au mafuriko makubwa, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka maradufu. Mauaji mengine hayakuongezeka. Wengi waliouawa walikuwa wanawake wazee, na wauaji walikuwa ndugu zao. Mpiga ramli anayeuza jina la bibi anauza kifo, na hajui lolote kuhusu mvua.

Ushauri wa haraka. Ukikuta tabaka la ajabu lenye mifupa, liache ukutani na utoe taarifa serikalini. Lowesha mwamba kabla ya kutoboa na vaa barakoa, kwa sababu vumbi la kwatzi linaua mapafu na kufungua mlango wa kifua kikuu. Kunywa maziwa hakuliondoi vumbi hilo mapafuni, kwa sababu maziwa yanakwenda tumboni. Bibi mwenye macho mekundu mpelekeni kituo cha afya na mtengenezeeni jiko lenye bomba la moshi. Na mtu akitaja jina la aliyefunga mvua, nendeni polisi siku hiyo hiyo, kabla panga halijanolewa.