Ajijeruhiye Apokewe kwa Upole

Huku kwetu Ufipa, miezi ya Juni na Julai, hakuna amshangaaye kijana avaaye sweta mchana kutwa, kwani baridi ya uwanda huu ni kali. Ndiyo maana mwanafunzi wetu mmoja alikaa nasi chuoni siku nyingi bila ya sisi kujua kuwa mikono yake imejaa makovu aliyojitia mwenyewe. Hata udhu alikuwa akija nao kutoka kwao. Siku tulipoyaona, twakiri, tulimkaripia, tukamwuliza kama haogopi Moto. Akashusha mikono ya sweta, na kwa majuma mawili hakuja chuoni.

Aliyemrudisha hakuwa mwalimu, bali muuguzi. Mama yule alimsafisha jeraha, akamwuliza, "Lakuuma, mwanangu?" kisha akaketi akanyamaza mpaka kijana akaanza kusema mwenyewe.

Wengi wetu twadhani kuwa kila ajijeruhiye ataka kufa, au ataka kutazamwa, au amerogwa. (Jina la Sumbawanga lafasiriwa kuwa "tupa uchawi", lakini ndimi zetu hazijautupa bado.) Matabibu wametambua kuwa wengi hufanya hivyo ili kupunguza dhiki ya moyo wasiyoweza kuitamka, wala hawakusudii kufa. Hata hivyo, aliyepata kujijeruhi yumo katika hatari zaidi ya kujiua siku za mbele kuliko mwingine, basi jambo hili si la kupuuzwa.

Muuguzi, au matroni wa bweni, yampasa alitazame jeraha hili kama jeraha lolote, wala asimnyime mtu ganzi eti kwa kuwa amejitakia. Amwulize faraghani, na asiogope kumwuliza waziwazi kama ana nia ya kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo. Asimlazimishe kuapa kuwa hatarudia, kwani akirudia ataficha. Akisema ana nia ya kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali. Nyumbani nako, dawa za wadudu na za kuhifadhia mahindi zifungiwe kwa ufunguo.

Kuna na hofu ya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo chapingana na Katiba. Aogopaye polisi huchelewa kufika kwa mganga.

Atakayesema kuwa upole huu wapunguza uzito wa haramu, na atazame Sahihi Muslim. Humo Jabir asimulia habari za mtu aliyehamia Madina pamoja na Tufail bin Amr. Aliugua, akakosa subira, akajikata vidole, damu ikamtoka hata akafa. Tufail akamwota yu katika hali njema, ila mikono ameifunika, kwani aliambiwa kuwa alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Mtume (s.a.w.) alipohadithiwa ndoto hiyo, aliiombea mikono ile maghufira.

Habari hii tulimsomea kijana wetu, baada ya kumwomba radhi. Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa, alikunja mikono ya sweta akatia udhu birikani pamoja na wenziwe.